Nani alituambia tuache Kihehe?

Kamwene! … Mmeitika wachache, na wote mna mvi. Vijana mmeangaliana. Basi mhadhara wangu umeshajisema wenyewe, tungeweza kwenda kunywa chai. Ila nauli ya kutoka Mafinga mmenilipia, ngoja niifanyie kazi.

Wanaonijua wanajua naanza na kibao. Nivumilieni. Shule yetu ya msingi ilikuwa na kibao cha mninga, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba ya katani. Ukisikika unaongea kilugha, yaani Kihehe chetu cha Iringa, unavishwa. Huvuliwi mpaka umnase mwenzako. Kengele ya jioni ikilia, aliye nacho anakula fimbo nne. Mwalimu hakuwa na haja hata ya kutega sikio. Watoto wote tulishakuwa askari kanzu.

Siku moja nilikuwa nacho tangu asubuhi. Kamba imenichubua shingo, kila ninayemsogelea anafumba mdomo kama kajaza maji. Mchana, mdogo wangu wa darasa la pili akaumwa na nyuki chini ya mkaratusi. Akalia, akamwita mama. Kwa Kihehe, jamani, nani anaumwa na nyuki akalia kwa Kiswahili sanifu? Nikakivua, nikamvika. Jioni nikasimama mstarini nikihesabu fimbo zake. Na aliyezichapa alikuwa Mhehe mwenzetu, wa kijiji cha pili tu.

Miaka mingi nilidhani uhodari huo ni wetu peke yetu. Kumbe kule Wales, karne ya 19, watoto walivishwa kipande cha mbao kilichochongwa herufi W.N. kwa kosa la kuongea Kiwelisi. Kilihama shingo kwa shingo vilevile, na wa mwisho alichapwa. Bunge la London halikuwahi kutunga sheria ya kibao kile. Walimu walikitaka, na wazazi wengi hawakukikataa, kwa sababu Kiingereza ndicho kilikuwa na mshahara.

Hapo ndipo ninapogombana na watu kila mwaka. Wanataka niwatajie aliyetulazimisha. Hayupo! Uturuki walimwambia Mkurdi kwamba yeye ni Mturuki wa milimani, na lugha yake ikapigwa marufuku, kwa hiyo Mkurdi alijua amkasirikie nani. TANU, chama kilichotudaia uhuru, ilipoanzishwa 7 Julai 1954, lugha iliyoshika ilikuwa Kiswahili, wala haikuwa ya kabila kubwa lililotaka kututawala. Tuliitwa ndugu, tukaja mbio. Anayekumeza huku amekukumbatia, utamshitaki wapi?

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Utasema lugha moja ilituokoa na ukabila, siyo? Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hoja hiyo imechoka. Somalia wanaongea Kisomali karibu nchi nzima, na dini ni moja. Serikali yao ilianguka 1991. Rwanda mkulima na waziri wote wanaongea Kinyarwanda, na 1994 tunaijua. Lugha moja haikuwaokoa. Kiswahili nakipenda, ndicho ninachowasemesha sasa hivi. Nauliza tu kwa nini ilibidi kije na fimbo.

Na sisi Wahehe tusijifanye kondoo. Uhehe ule wa Munyigumba na mwanawe Mkwawa ulijengwa kwa kuwameza watu wa watemi wadogo wadogo, ambao majina yao leo utayapata kwenye koo tu. Hata jina lenyewe inasemekana limetokana na ukelele wa vitani. Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudishwa Kalenga Juni 1954, wiki chache kabla TANU haijazaliwa. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, akaja kuwa Spika wa Bunge, na uchifu ukafutwa 1963. Hapo pana mhadhara mzima, lakini naoneshwa karatasi: dakika mbili.

Haraka basi. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kutuuliza kabila. Tangu hapo ukitaka kujua Wawanji wa Makete ni wangapi, unakisia. Wengine watasema ni afadhali. Mimi nasema kisichohesabiwa hakina siku ya kifo. La redio kutotangaza kwa kilugha naliacha. La Wandali kuandikwa Wanyakyusa nalo naliacha, ingawa ndilo lililonileta.

Nimalizie na mjukuu wangu. Anasoma shule ya Kiingereza hapahapa mjini, ada yake mama yake anailipa kwa kuuza viazi. Mwezi jana karudi na kipande cha plastiki shingoni, kina uzi wa viatu. Kakutwa anaongea Kiswahili.

Nikamuuliza nani kamvika. Akanitajia rafiki yake, yule wanayekaa dawati moja.

Haya, maswali. Anza wewe, mwenye sweta.