Tokei wa Asia: Mjusi, Sauti Yake na Dawa Anayosingiziwa

Ndugu walimu, wanafunzi na wageni waalikwa, asanteni kwa kuitikia mwaliko huu.

Hakuna hata mmoja wetu humu asiyemfahamu mjusi kafiri, yule mweupe-mweupe anayevizia nondo kwenye taa ya barazani kila jioni. Leo nitamzungumzia jamaa yake wa mbali, anayeishi kuanzia kaskazini mashariki mwa India, Nepal na Bangladesh hadi kusini mwa China, Vietnam, Thailand, Malaysia, Indonesia na Ufilipino. Jina lake la kisayansi ni Gekko gecko. Wenyeji wa nchi hizo hawakuhangaika kumtafutia jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hulitamka usiku kucha: Waindonesia humwita tokek, Wafilipino tuko, na Wavietnamu tắc kè. Mimi nitamwita tokei.

Tokei ni miongoni mwa mijusi wakubwa zaidi wa ukoo wake. Dume hufikia sentimita 30, na wengine 35, kutoka puani hadi ncha ya mkia. Ngozi yake ni ya kijivu cha buluu, yenye madoa ya rangi ya chungwa. Kwa asili ni mkazi wa msituni, kwenye mashimo ya miti na nyufa za miamba, lakini amezoea pia dari na kuta za nyumba za watu, ambako hula mende, panzi, buibui, na hata panya wachanga na mijusi wadogo kuliko yeye. Dume hulinda eneo lake kwa ukali, na akiuma haachii upesi.

Naomba tutulie kidogo kwenye unyayo wake. Ukimtazama akiwa nyuma ya kioo, utaona chini ya kila kidole mistari iliyopangwa sambamba kama kurasa za kitabu kilichofunuliwa nusu. Kila mstari umejaa vijinywele visivyoonekana kwa macho, takriban nusu milioni katika unyayo mmoja, na kila kijinywele, chenye urefu wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, hugawanyika nchani kuwa mamia ya vijibapa. Mwaka 2000, mwanabiolojia Kellar Autumn na wenzake nchini Marekani walipima nguvu ya kijinywele kimoja cha tokei, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba kinachomshikilia ukutani si gundi wala mnyonyo wa hewa, bali ni nguvu za van der Waals, yaani mvutano hafifu wa molekuli zinapokaribiana mno. Vijinywele vyote vikishika kwa pamoja, kwa hesabu vingeweza kubeba zaidi ya kilo 100. Tokei mwenyewe hafikishi hata nusu kilo. Akitaka kung'oka, hukunja vidole vyake kuanzia nchani, na pembe inapobadilika unyayo huachia papo hapo. Kwa maoni yangu, maarifa haya ya kushika bila gundi ndiyo utajiri mkubwa kuliko wote ambao mjusi huyu amewapa wanadamu, na umepatikana bila ulazima wa kumuua.

Jike hutaga mayai mawili kwa wakati mmoja, yenye ganda gumu, na kuyabandika kwenye ukuta au ndani ya shimo la mti. Mijusi wengi wakishataga huenda zao. Tokei hukaa, na mara nyingi dume naye hukaa. Huyalinda mayai hayo kwa miezi kadhaa, kutegemea joto, na huwakabili wanaoyasogelea badala ya kukimbia. Binadamu anayemwinda hana haja ya kumfukuza mnyama wa namna hiyo. Anausikia mlio, anaufuata kwa tochi, na anamkuta palepale.

Sasa tuingie kwenye dawa. Katika tiba ya jadi ya Kichina, tokei aliyekaushwa huitwa ge jie, na husemekana kutia nguvu mapafu na figo, kutuliza pumu na kikohozi cha muda mrefu, na kurudisha nguvu za kiume. Hupasuliwa tumbo, akatolewa matumbo, akatandazwa miguu minne juu ya vijiti vya mwanzi, kisha akakaushwa. Vietnam humlowesha pia katika pombe. Mnunuzi kwanza hutazama mkia, maana inaaminika kwamba nguvu ya dawa imo humo, na aliyekatika mkia hushuka bei. Tukumbuke kwamba mkia huo umeumbwa ukatike: nyoka akimkamata, tokei humwachia mkia na kujiokoa, kisha huota mwingine. Siwadharau watu waliorithi tiba hii kutoka kwa wazee wao. Lakini mgonjwa wa pumu ana dawa zilizopimwa, na kwa tokei mkavu sijaona kipimo cha kumfanya mtu aziache.

Uvumi ulipoongezeka, mambo yaliharibika zaidi. Yalienea madai kwamba tokei anaponya UKIMWI, na kwamba mwenye uzito wa gramu 300 au zaidi ananunuliwa kwa fedha nyingi mno. Mwaka 2011 serikali ya Ufilipino ililazimika kuwaonya wananchi wasimtumie kama tiba ya UKIMWI wala pumu. Sisi hatuna haja ya kuwashangaa Wafilipino, kwa sababu mwaka huohuo maelfu ya watu wetu walikuwa njiani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu. Mtu aliyekata tamaa husadiki haraka, na hilo si kosa lake. Kosa ni la anayemuuzia tamaa hiyo.

Kwa mujibu wa TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, katika taarifa yake ya mwaka 2013, Taiwan peke yake ilikuwa imeingiza tokei milioni 15 tangu mwaka 2004. Mwaka 2019, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Geneva ulimwingiza tokei katika Kiambatisho cha Pili, kinachoruhusu biashara ya kimataifa kwa kibali tu. Wafanyabiashara hujibu kwamba wanyama wao wamefugwa, na hapa ndipo hesabu inapotusaidia. Mwaka 2014 Indonesia iliruhusu kusafirisha nje tokei hai milioni 3 waliozalishwa mabandani. Wachunguzi walikaa chini wakakokotoa: kwa mayai mawili mawili, na miezi ya kungoja yaanguliwe, ili kutoa tokei milioni moja tu kwa mwaka mzalishaji angehitaji majike wapatao 140,000, madume 14,000, na vizimba zaidi ya laki moja vya kulelea watoto wao, pamoja na watu wa kuwalisha wadudu hai siku zote. Mabanda ya ukubwa huo hayafichiki, na anayeombwa kibali cha namna hiyo anapaswa kwanza kwenda kuyaona kwa macho yake.