Mzee Alifungua Mlango au Hakufungua?

ZUHURA: Haya jamani karibuni tena, mimi Zuhura, na mwenzangu huyu hapa mnamjua, ila leo kanuna.

BARAKA: Sijanuna dada, nina kitu kimenikaa kooni tangu Jumamosi.

ZUHURA: Waambie watu.

BARAKA: Si nilisema wiki iliyopita naenda kuangalia mchezo wa jukwaani? Basi nikaenda. Onyesho likachelewa kuanza dakika ishirini nzima na hakuna aliyetuambia kwa nini, sasa mimi treni yangu ya mwisho ni saa tano kasoro robo, na kutoka ukumbini mpaka stesheni ni dakika kumi na mbili kwa miguu, hesabu hiyo nilishaipiga nyumbani. Ndani ya mchezo kuna mzee kakaa kwenye kiti tangu mwanzo, mlango nyuma yake unagongwa, hafungui, unagongwa tena, hafungui. Mara ya tatu kasimama. Taa zote zimezimwa imebaki moja tu, inamulika vidole vyake kwenye kitasa, unaviona vinatetemeka. Nikaangalia saa. Nikainuka.

ZUHURA: Ukainuka!

BARAKA: Nimeruka magoti ya watu saba, samahani, samahani, nikatoka. Mpaka sasa sijui alifungua au hakufungua. Wasikilizaji, kama mmeuona mchezo huo, msiniambie. Au niambieni. Hapana, msiniambie.

ZUHURA: Mimi roho inaniuma kwa ajili ya yule mwigizaji. Nimebeba meza na viti nyuma ya jukwaa miaka miwili, wale watu kule juu wanaona kila kichwa kinachoondoka. Kajenga ule ukimya usiku mzima halafu mtu anatembea ndani yake. Kama huna uhakika wa kumaliza, usiende.

BARAKA: Yaani nikae nyumbani?

ZUHURA: Kuna maonyesho ya mchana Jumapili, Baraka, unarudi treni zote zipo.

BARAKA: Dada, Jumapili nafanya kazi na unajua. Wenye zamu kama mimi ni wengi, usiku wa Jumamosi ndo nafasi yetu pekee. Robo tatu ya mchezo nimeipata, na nimelia ndani ya hiyo robo tatu. Huwezi kuniambia ningekosa vyote kwa sababu sina gari.

ZUHURA: Sijasema gari.

BARAKA: Ndo maana yake lakini! Mwisho wa mchezo unakuwa wa mwenye gari. London yenyewe na ukubwa wote ule, treni za chini ya ardhi za usiku kucha zimeanza 2016, tena Ijumaa na Jumamosi tu, tena siyo njia zote. New York treni zinatembea saa ishirini na nne, kwa hiyo mtu wa kule anakaa anamuona mzee anafungua mlango wake kwa raha.

ZUHURA: Luxembourg usafiri wa umma ni bure tangu 2020.

BARAKA: Safi sana, ila mimi nauli nilikuwa nayo mfukoni. Treni ya saa tano na nusu ndo haipo.

ZUHURA: Sawa, lakini mbona mnaidharau safari yenyewe? Ukienda Stockholm...

BARAKA: Jamani Stockholm imekuja! Dakika ya ngapi hii?

ZUHURA: Niache niseme. Stesheni mia moja za treni za chini ya ardhi, na zaidi ya tisini zina kazi za sanaa. Unashuka T-Centralen unajikuta ndani ya pango, mwamba hawakuusawazisha, wameupaka rangi na matuta yake. Nyeupe, na majani ya buluu yanatambaa mpaka juu kichwani, na ukutani kuna vivuli vya watu, fundi wa kuchomelea, seremala. Ni wafanyakazi walioijenga stesheni hiyohiyo! Msanii Per Olof Ultvedt kawachora wao, mwaka 1975. Mimi nilisimama pale treni tatu zikapita sijapanda.

BARAKA: Wiki iliyopita zilikuwa mbili.

ZUHURA: Tatu. Halafu Solna centrum, dari jekundu kama anga linaungua na chini yake msitu wa kijani, kilomita nzima ya miti imechorwa, unaambiwa habari za misitu inayokatwa, na wewe umelipia tiketi ya kawaida ya treni. Moscow nako kuna stesheni ya Mayakovskaya, ya 1938, inua shingo tu, picha 34 za vipande vya vioo, ndege, anga, miamvuli ya kurukia...

BARAKA: Naipenda hiyo, kweli. Mtu akiwa na Jumamosi moja na tiketi ya siku nzima anashuka stesheni moja moja anaangalia. Lakini dada, picha ya ukutani inakusubiri hata mwaka. Yule mzee hasubiri.

ZUHURA: Ndo maana hutakiwi kumwacha mkono kwenye kitasa!

BARAKA: Ningelala stesheni?

ZUHURA: Ungechagua siku nyingine.

BARAKA: Sina siku nyingine.

ZUHURA: Basi hapo hatuelewani.

BARAKA: Hatuelewani.

ZUHURA: ... Naoneshwa kidole hapa, dakika mbili. Na tulikuwa na yale mambo matano ya kupanga mtoko wa wikendi bila gari, nimeyaandika na kalamu mbili.

BARAKA: Soma la kwanza.

ZUHURA: Angalia safari ya mwisho ya kurudi kabla hujakata tiketi ya onyesho, na uwapigie simu ukumbini uulize linaisha saa ngapi, maana kwenye matangazo wanaandika saa ya kuanza tu. La pili... basi, muda umeisha. Jumamosi hii unaenda wapi?

BARAKA: Palepale. Mchezo uleule.

ZUHURA: Na treni ileile?

BARAKA: Ileile. Nimechukua kiti cha pembeni, mstari wa mwisho.

ZUHURA: Baraka!