Sahani Isirudi

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mabalozi wa nyumba kumi, mama zangu, na vijana mliotoka kazini mkaja moja kwa moja: shikamooni wazee, na wengine habari za jioni.

Machi 2020 mnaikumbuka, sitairudia. Mgonjwa wa kwanza wa corona Tanzania alitangazwa tarehe 16, kesho yake shule zikafungwa, daladala zikawa level siti, hakuna abiria wa kusimama, ndoo zenye koki zikajaa kila mlango wa duka Kariakoo. Ninachotaka tukikumbuke ni kilichotokea milangoni kwetu. Tuliambiwa tuachiane nafasi, na watu wema kabisa wa mji huu wakagawanyika. Wapo walioingia kwa mgonjwa kama kawaida, wakisema kutoingia ni roho mbaya. Wapo waliojifungia kimya, wakisema amri ni amri. Mgonjwa akabaki ama na chumba kimejaa watu, ama hana hata mmoja. Maradhi ya kuambukiza hayajaisha na hayataisha, kwa hiyo narudia nililolisema Temeke na Kinondoni: mpe mtu kitu kisichomdai chochote. Asilazimike kufungua mlango, asirudishe chombo, asikatwe makato, asisimulie homa yake upya.

Nianze na sahani, na wanaonifahamu wanajua hapa nakaa.

Ramadhani ya 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili, katikati ya hofu ile. Sahani za futari zikatoka nyumba hii kwenda nyumba ile kama kila mwaka, na kila sahani iliyofika ikaacha deni, maana kwetu sahani hairudi tupu. Ukiletewa tambi, unarudisha na maandazi mawili. Mila nzuri sana, nami naipenda. Lakini mtu mwenye homa, au bibi anayekaa peke yake, akiona sahani yako ya udongo yenye maua pale mezani anaanza kuhesabu: nitaioshaje, nitaweka nini ndani, nani ataipeleka? Atamtuma mtoto dukani akanunue robo ya sukari kwa hela aliyoiweka ya dawa. Umempa chakula cha shilingi elfu mbili, umemtoa shilingi elfu moja na usingizi wa mchana.

Sasa wapo watakaosema, "Sahani si itaoshwa?" Itaoshwa, ndiyo. Sabuni na maji vinatosha, sahani yenyewe haina ubaya. Ubaya upo mlangoni. Corona ilienea zaidi kwa pumzi na matone ya watu waliokaribiana, na kurudisha sahani maana yake ni watu wawili kusimama uso kwa uso, "ahsante jamani, ulitia nini kwenye mchuzi?", dakika kumi zimekwisha. Ukiiondoa sahani, umeyaondoa mazungumzo yale bila kumvunjia mtu heshima.

Kwa hiyo tumia chombo kisichorudi. Kopo la siagi la plastiki, kopo la aisikrimu, chochote kilichowahi kuwa na chakula na chenye mfuniko unaobana. Ndoo ya rangi hapana, hata ukiisugua namna gani. Chupa ya chai nayo hapana, kwa sababu hakuna asiyejua kwamba chupa ya chai lazima irudi kwa mwenyewe. Na mwambie mapema, kwa simu: "Kopo hilo lako, utawekea chumvi." Usipotamka, atalirudisha.

Usimimine chakula kinachochemka kwenye kopo jembamba, plastiki inalegea na mfuniko haubani tena. Usifunike kingali kinatoa mvuke, maji ya mvuke yanadondokea ndani, chapati zinakuwa kama zimelowekwa. Acha kipoe kiasi mfuniko ukiwa wazi upande mmoja, kisha bana. Na tafadhali, mama zangu, wali wa nazi! Najua ndio heshima yetu. Lakini ukiupeleka saa saba mchana kwa mtu asiye na hamu ya kula, akaugusa saa kumi na moja jioni, kwa joto hili la Dar umeshachacha, na mgonjwa sasa ana homa na tumbo la kuendesha. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto kwa muda unaozidi saa mbili. Kama hujui atakula saa ngapi, peleka kinachovumilia: maandazi makavu, ndizi mbivu, machungwa. Machungwa manne ni zawadi kamili. Hayahitaji kopo, hayahitaji kupashwa moto.

Utayaweka wapi? Chini hapana. Chini kuna kuku, kuna paka, kuna siafu, na mgonjwa kuinama akiwa na kizunguzungu anaweza kuanguka. Msumari. Msumari mmoja wa inchi tatu kwenye fremu ya mlango, upande wa kitasa, usawa wa kifua. Unapigwa mara moja, unabaki hapo. Chakula kinaning'inizwa kwenye kikapu cha ukindu au mfuko wa kitambaa. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata zingekuwepo zinachanika kwa uzito. Nyie wa ghorofa za Kariakoo na Upanga, kikapu na kamba kutoka barazani. Hesabu mita 3 kwa kila ghorofa, ongeza 2 za kufungia. Kamba ya katani haitelezi mkononi kama ya nailoni. Anayevuta ni aliye juu, kwa hiyo usimjazie kilo tano.

Kisha ondoka. Ukishaning'iniza, rudi nyuma hatua mbili tatu, bipu, yaani piga ukate kabla hajapokea, uende zako. Ninyi wenye simu kubwa mnadhani bipu imekufa. Haijafa, na hapa ina kazi kubwa. Bipu yako maana yake kikapu kipo. Bipu yake maana yake amekichukua. Nusu saa ikipita hajabipu, piga. Asipopokea, mjulishe balozi au jirani wa ukuta wa pili, mmoja aende akagonge dirishani. Hapo chakula kimekuwa na kazi ya pili, unajua kila siku kwamba mtu yule yu hai na anaweza kutembea hadi mlangoni. Kinachoharibu mpango huu ni salio: mitandao mingine haikuruhusu kupiga ukiwa huna hata senti, bipu haitoki. Siku ya kwanza mrushie vocha kidogo. Na kwa asiye na simu kabisa, kanga dirishani. Ikitundikwa asubuhi, ameamka salama. Saa mbili ikifika haijaonekana, mtu aende.

Na iwe saa ile ile kila siku. Mkichangia nyumba tatu, gaweni siku, msigawane vyakula. Msipogawa siku, leo atapata ugali mara tatu, kesho yake hatapata kitu.

Naambiwa, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Tumelelewa kwa methali hiyo. Lakini mgonjwa si nyoka, na wewe hukwenda kumpiga. Naambiwa pia kwamba ndugu zake watajisikia vibaya tusipoingia. Waambieni ukweli mapema, kabla hawajafika kutoka mikoani: tunamtunza hivi na hivi, chakula saa saba, maji asubuhi. Mtu akisikia saa na jina la mhusika, anatulia.

Maji, haraka haraka. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Ukimwachia bibi dumu lililojaa mlangoni umemwachia jiwe. Atalivuta, litapinduka, kizingiti kitalowa, atateleza. Mgawie kwenye madumu manne ya lita 5, na usiyajaze hadi shingoni. Mpini uoshe kwa sabuni kabla ya kuweka na baada ya kuchukua dumu tupu.

Hela. Ukimtumia mtu, tuma na ya kutolea. Ukituma elfu tano kavu, akifika kwa wakala hatatoka na elfu tano, na aibu ya kukuambia inambakia yeye. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Hela iliyokwenda kwa mtu mwingine inaweza kuchukua siku kurudi, na wewe utakuwa umeshamwambia mgonjwa "nimetuma".

Umeme ni bora zaidi ya hela, maana haumtoi mtu nje kutafuta wakala. Omba namba ya mita, tarakimu 11. Ukinunua, tarakimu 20 za Luku, umeme wa kulipia kabla, zinakuja kwenye simu yako. Zipeleke kama ujumbe ulivyo, usiziandike upya kwenye karatasi, tarakimu moja ikikosewa mita inakataa na yeye yumo gizani. Kwa wapangaji wa mita ya pamoja, lipa mchango wake kwa anayekusanya, umwambie mgonjwa, "Wa mwezi huu umeshatoka." Basi.

Simu ya kumjulia hali. Wengi wenu mnapiga na kuuliza, "Unaendeleaje?" Ameulizwa hivyo mara kumi na mbili leo, na kila mara anaanza tena: homa ilianza Jumanne, kichwa, kifua. Anachoka. Mpe habari wewe. Mwambie nani kafungua genge pale kona, maji yalitoka saa ngapi, timu yake imefungwa au imeshinda. Dakika tano, kisha kwaheri. Na kwa wazee wenye kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, ujumbe wa sauti wa WhatsApp haufiki. Piga.

Nyumba zetu za vyumba sita na choo kimoja nilitaka nizizungumzie kwa kirefu, mwenyekiti ananionyesha saa. Nitasema moja: mgonjwa atumie choo na bafu wa mwisho asubuhi, na zamu hiyo ibandikwe uani kama zamu ya usafi ya kila siku, isiwe amri ya mpangaji mmoja dhidi ya mwingine. Dawa ya kufanyia usafi, ile yenye klorini asilimia 3.5, robo lita kwa maji lita 8 na nusu. Changanya ya leo leo, ya jana imeshapungua nguvu. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, inatoa hewa yenye sumu.

Kibuyu chirizi, cha kunawia mikono bila kukishika, kimechorwa kwenye bango pale nje, kamuulizeni kijana aliyekichora.

Misumari ipo kwenye boksi mlangoni, na nyundo mbili za kuazima. Chukueni mmoja kwa kila nyumba mnayoijua ina mtu anayekaa peke yake, na mkaupige leo kabla ya magharibi, wakati yeye ni mzima na anaweza kutoka akuonyeshe usawa wa kifua chake. Maswali sasa, aanze mama pale nyuma.