Spea 5,000, Ufundi 30,000: Nani Anamla Nani?

ZUHURA: Haya, tumerudi hewani. Mimi Zuhura, na huyu aliyekaa kama mtuhumiwa ni Rama.

RAMA: Nimeambiwa leo nawatetea mafundi magari wa Dar nzima. Na hata soda sijanunuliwa.

ZUHURA: Utetee tu, umekulia gereji. Msikilizaji, kabla ya kushika kipaza sauti, kaka huyu alikuwa kijana wa spana pale Ilala. Sasa Rama, jirani yangu ana Vitz. Akiwasha asubuhi linagonga "ta!" halafu kimya. Fundi kaja, kashusha stata, ile mota ya kuwashia injini, kasema kaboni zake zimekwisha. Kaboni zenyewe dukani 5,000. Ufundi? Kamwambia 30,000! Jirani kanuna mpaka leo.

RAMA: Alilipa ngapi?

ZUHURA: 20,000, baada ya kulumbana mpaka watoto wakatoka nje kutazama.

RAMA: Basi hajaibiwa.

ZUHURA: Ndiyo umeanza.

RAMA: Subiri, dada. Watu wetu wana mazoea ya kupima ufundi kwa bei ya spea. Spea ikiwa ghali, ufundi wa 30,000 wanauona kawaida. Spea ikiwa ya bei ndogo, ufundi huohuo unakuwa wizi. Sasa mkono wa fundi unajuaje bei ya kitu ulichokishika? Zile kaboni ni vipande vichache vidogo vya kupitisha umeme ndani ya stata, sawa. Lakini ili uvifikie unafungua betri kwanza, upande wa hasi, usije ukapiga shoti. Unatoa waya za stata, unafungua bolti mbili, na mara nyingi moja iko mahali ambapo mkono hauingii. Ukishaitoa unaipasua, unasafisha ndani, unafunga kaboni mpya, unarudisha. Hiyo ndiyo kazi.

ZUHURA: Kwenye Vitz, Rama. Siyo ndege.

RAMA: Na kwenye Vitz 30,000 ni nyingi kidogo, hilo nakubali, 20,000 waliyofikia ndiyo yenyewe. Lakini chukua Land Cruiser 100 ile ya petroli, yenye injini ya 2UZ, V8, silinda nne huku nne kule kama herufi V. Stata yake unajua iko wapi? Katikati ya ile V, chini ya manifoldi ya hewa, yale mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini. Ili uione stata lazima utoe manifoldi yote. Kaboni ni kitu kilekile kidogo, lakini siku nzima imekwenda. Mwenye gari akikuambia "kaboni tu hiyo", unatamani umkabidhi spana.

ZUHURA: Sawa. Kwa hiyo kipimo kiwe muda?

RAMA: Muda na ujuzi. Wenzetu Marekani gereji nyingi zina vitabu, siku hizi programu, vinavyosema kazi fulani kwenye gari fulani ni saa ngapi. Kitabu kikisema saa mbili unalipia saa mbili, hata kama fundi kamaliza kwa saa moja.

ZUHURA: Hapo mtu wa Dar atagoma! Hapa fundi akimaliza haraka ndiyo anapunjwa. "Ah, dakika kumi tu hiyo, chukua buku tano."

RAMA: Ndiyo maana mafundi wajanja wanachelewa makusudi. Sikutanii. Nimekaa gereji nikaona mtu kamaliza kazi, bado amelala chini ya gari anagonga-gonga, kwa sababu mwenye gari amesimama pale. Akitoka haraka bei inashuka.

ZUHURA: [kicheko] Kumbe zile nyundo ni za kwangu!

RAMA: Zako kabisa.

ZUHURA: Sasa mimi nina shida na kitu kingine, hata siyo hiyo 30,000. Shida yangu ni kwamba bei haina mwenyewe. Nikienda mimi na IST yangu, kubadilisha balbu ya taa ya mbele, naambiwa bei. Akienda kaka yangu na gari lilelile, bei nyingine. Akienda mtu na Harrier, balbu ileile, bei ya tatu. Wanaangalia nani kashuka, kavaa nini, kashika simu gani.

RAMA: Hapo sina utetezi. Ipo. Mteja wa kike anapandishiwa, na mwenye gari kubwa anapandishiwa. Fundi anajitetea kwamba akiharibu kitu kwenye Harrier hasara ni kubwa, lakini balbu ni balbu. Dawa yake ni kuuliza bei kwa simu kabla hujafika. Sauti haina viatu.

ZUHURA: Sauti ina jinsia, Rama.

RAMA: Basi apige kaka yako.

ZUHURA: Mwaka huu? Haya, endelea. Pedi za breki. Hiyo ndiyo kazi ndogo kila mtu anaifanya. Ufundi wake uwe ngapi?

RAMA: Nikuulize kwanza unanunua kazi ipi, maana kuna mbili zinaitwa jina moja. Ya kwanza: jeki, toa tairi, fungua bolti ya chini ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi, mara nyingi namba 14, inua kalipa juu, chomoa pedi za zamani, sukuma pistoni irudi ndani, chomeka mpya, funga. Tairi mbili za mbele, kijana mwenye mkono mwepesi hamalizi saa. Ya pili ni hiyohiyo, ila kabla ya kufunga anatoa zile pini ambazo kalipa inatelezea, anazifuta, anapaka grisi inayostahimili joto. Anasafisha sehemu ambazo pedi zinakaa. Anapitisha kidole kwenye diski kuona kama ina mfereji. Anaangalia mafuta ya breki yasimwagike, kwa sababu ukisukuma pistoni yanapanda kwenye kikopo. Na akimaliza anapiga pedali mara kadhaa hadi ijae kabla gari halijasogea.

ZUHURA: Na bei?

RAMA: Bei ileile! Ndiyo kichekesho chenyewe. Yule wa kwanza 10,000, yule wa pili 10,000. Ila kwa wa kwanza pini zikikwama, pedi ya upande mmoja inalika mpaka kwenye chuma, ya upande wa pili bado nene kama mkate. Unanunua pedi tena, na diski juu. Mteja analalamika pedi feki.

ZUHURA: Kwa hiyo fundi mzuri hana faida ya kuwa mzuri.

RAMA: Kwenye ufundi hana. Kwa hiyo anaitafuta kwingine. Na hapo ndipo tunafika kwenye cha juu.

ZUHURA: Nilikuwa nakusubiri hapo.

RAMA: Twende na hesabu ya kubuni. Tuseme pedi dukani ni 35,000. Fundi anakwambia spea 50,000, ufundi 20,000. Wewe unafoka, "ufundi gani 20,000!" Anapunguza mpaka 10,000. Umeondoka unatamba umemkamua. Umelipa 60,000. Yeye ana 15,000 ya cha juu na 10,000 ya ufundi. 25,000 mfukoni.

ZUHURA: Na kama ningenunua pedi mwenyewe kwa 35,000, nikampa ufundi 25,000 mkononi...

RAMA: 60,000. Ileile. Ila ungejua umenunua nini. Kwa sababu fundi anayeishi kwa cha juu ana sababu ya kukuletea ile spea yenye nafasi kubwa katikati. Feki ya 15,000 yenye boksi zuri inamlipa kuliko orijino ya 35,000. Tumembania kwenye ufundi, tukamwachia mlango wa nyuma, halafu tunashangaa anapitia huko.

ZUHURA: Hapana, hapo umerahisisha. Wengine unawalipa ufundi wote walioutaja na cha juu wanaweka vilevile. Siyo kwamba tumewasukuma sisi. Wizi ni wizi.

RAMA: Wapo. Lakini angalia mzigo aliobeba. Gereji bubu, uwanja wa mtu, analipia nafasi kwa mwenye uwanja. Spana ni zake, jeki yake. Spea hana, lazima aende Gerezani au Kariakoo. Bodaboda kwenda, foleni, anazunguka maduka manne anatafuta pedi ya IST, wanampa ya Passo, anarudi. Nusu siku imekwisha. Hiyo nusu siku umeilipia wapi? Kwenye ufundi wa 10,000 haimo. Aseme "usumbufu wa kufuata spea 10,000" utamfukuza. Kwa hiyo anaifukia ndani ya bei ya pedi.

ZUHURA: Aseme! Mimi nitalipa. Naapa nitalipa nikiambiwa hii ni ya kufuata spea. Kinachoniudhi ni kufanywa mjinga, siyo hiyo 10,000.

RAMA: Wewe labda. Wateja kumi, tisa hawalipi.

ZUHURA: Tuongelee kupima kwa mashine. Taa ya injini imewaka, gari linamisi, unaenda. Fundi anachomeka kidude chini ya usukani, simu yake inasoma, anakwambia kupima tu ni 20,000. Kidude chenyewe cha bluetooth cha bei ya chini kabisa. Dakika mbili. Hiyo nayo unaitetea?

RAMA: Inategemea anafanya nini baada ya kusoma. Mfano kodi, yaani namba ya hitilafu, imetoka P0301. Maana yake silinda namba moja inakosa moto. Haijasema kwa nini. Inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa koili inayoipa plagi umeme, nozeli ya mafuta, hata mgandamizo wa injini yenyewe. Fundi mvivu anasoma anasema, "Koili imekufa, nunua koili." Huyo hata 5,000 usimpe. Fundi mwenyewe, kwenye IST pale koili nne ziko juu, kila moja bolti moja ya namba 10. Anaitoa koili ya silinda ya kwanza, anaihamishia ya pili, ya pili anaileta ya kwanza. Anafuta kodi, anawasha, mnazunguka kidogo. Kodi ikirudi P0302, ugonjwa umehama na koili. Hapo nunua koili. Ikibaki P0301, koili haina kosa, angalia plagi na mengine.

ZUHURA: Na hilo jaribio halina spea hata moja.

RAMA: Hata moja! Ni akili tupu. Na amekuokoa usinunue koili usiyoihitaji. Huyo mlipe hiyo 20,000 kwa furaha. Lakini nenda kamwambie mteja, "Nimekutoza kwa kukwambia usinunue kitu."

ZUHURA: [kicheko] Atalia.

RAMA: Tena afadhali huyo aliyepima. Kuna yule anayefuta kodi tu, taa inazimika, unalipa unashukuru. Kesho kutwa taa hiyoo.

ZUHURA: Mimi ningependa ukutani pawe na karatasi. Pedi za mbele kiasi hiki, balbu kiasi hiki, kushusha stata kuanzia kiasi hiki. Kinyozi ana bei ukutani, fundi wa magari ana nini?

RAMA: Gereji kubwa wanazo bei, na risiti ya mashine unapewa. Na unaziona bei zao?

ZUHURA: Nazikimbia.

RAMA: Unazikimbia kwa sababu mle ndani kuna kodi ya serikali, kuna pango la jengo, kuna mshahara wa anayekupokea na kahawa. Wewe unataka karatasi ya ukutani ya gereji kubwa na bei ya chini ya mwembe.

ZUHURA: Ndiyo! Kwani dhambi? Na niongeze: nataka dhamana ya kazi. Umefunga pedi leo, wiki ijayo zinalia, narudi. Ufundi wa mara ya pili silipi.

RAMA: Kama kosa ni lake, usilipe. Fundi anayejiheshimu hata hakuulizi, anafungua anarudia. Lakini sasa rudi kwenye mpango wako wa kununua spea mwenyewe. Umekwenda Kariakoo, muuzaji kakuona mgeni, kakupa feki ya boksi zuri. Fundi kafunga vizuri kabisa, grisi kapaka. Wiki mbili pedi zinalia. Nani analipa ufundi wa pili?

ZUHURA: ...Fundi alitakiwa aniambie ni feki kabla ya kufunga.

RAMA: Alikwambia. Ukamwambia, "Funga tu, wewe unataka uninunulie wewe uweke cha juu."

ZUHURA: [kicheko] Hiyo sentensi nimeshaisema.

RAMA: Kila mtu kaisema. Kwa hiyo ukileta spea yako, ufundi wa pili ni wako. Akileta yeye, ni wake. Ndiyo maana wengine wanakataa kabisa kufunga spea ya mteja.

ZUHURA: Basi nimepata. Tunakwenda dukani pamoja, mimi na fundi. Yeye anachagua kwa jicho lake, mimi nalipa kwa mkono wangu, risiti kwa jina langu, na siku yake ya kuzunguka naijumlisha kwenye ufundi wazi wazi. Cha juu hakina pa kukaa.

RAMA: Safi sana. Mnafika dukani, muuzaji anataja 45,000. Fundi ananyamaza, anaangalia dari.

ZUHURA: Kwa nini 45,000? Si 35,000?

RAMA: Kwa sababu wanajuana, dada. Ukishaondoka, jioni anapitia chake.

ZUHURA: Rama! Wewe ulikuwa unapitia?

RAMA: Mimi nilikuwa kijana wa spana. Nilikuwa natumwa kupitia.

ZUHURA: [kicheko] Msikilizaji, wiki ijayo ni matairi ya mtumba, na huyu mtu atakuja akiwa ameapishwa. Kwa leo kwaherini.