Kumsomea Mnyama Aliye Ndani ya Ua

Assalam alaikum, na hamjambo nyote. Wazazi, walimu, nanyi vijana mnaongoja kuchagua kozi, nimeombwa niwaeleze anayesomea biolojia ya wanyama wanaotunzwa katika bustani za wanyama anasoma nini hasa. Wengi hudhani ni kupenda wanyama. Hilo ni zuri, lakini halikupitishi mtihani.

Mnamkumbuka Owen. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto huyu wa kiboko alikutwa peke yake baharini kule Malindi, akanaswa kwa nyavu, akaletwa hapa kwenye bustani ya wanyama ya Haller Park, Bamburi, Mombasa. Akamganda kobe mkongwe wa Aldabra aitwaye Mzee, wakawa wanakula na kulala pamoja. Picha zao zikazunguka dunia nzima.

Mgeni aliona urafiki. Mtaalamu aliuliza: huyu atajifunza ukiboko kwa nani? Alikwishaanza kufuata mwenendo wa kobe, na kiboko akikomaa hupita tani moja. Mchezo wake tu ungeweza kumuumiza Mzee. Hatimaye wakatenganishwa, Owen akawekwa na kiboko jike, Cleo. Wako waliosikitika. Kwangu mimi, uamuzi ule ndio fani yenyewe: ua hupimwa kwa haja ya mnyama, si kwa furaha ya aliyelipa kiingilio.

Aliyeifanya hii kuwa elimu ni Mswisi Heini Hediger, aliyeongoza bustani za Bern, Basel na Zürich. Alieleza kwamba mnyama ana umbali wake. Ukiuvuka atakimbia, asipopata pa kukimbilia, atakugeukia. Kwa hiyo ua mpana ulio wazi kila upande unaweza kumtesa mnyama kuliko ua mdogo wenye kichaka cha kujisitiri.

Chuoni kuna lishe, magonjwa, tabia, hayo mtayakuta. Linalowashtua wanafunzi ni nasaba. Wanyama wakiwa wachache, ndugu huzaana na ndugu na kizazi hudhoofika, basi huwekwa daftari: nani kazaliwa na nani, yuko wapi, aozwe nani. Naam, ni kama wazee wetu wakichunguza ukoo kabla ya posa, ila hapa posa huvuka bahari. Swala wa milimani aitwaye bongo karibu aishe katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Wengine walikuwa wamehifadhiwa katika bustani za Marekani, na mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa Kenya kwa ndege ili wazalishwe chini ya Mlima Kenya. Bila daftari lile ungejuaje yupi umpandishe ndege?

Joto nalo lina hesabu yake. Mayai ya mamba wa Nile yakiatamiwa chini ya nyuzi 31 hivi, hutoka majike. Ukipandisha kidogo, madume huongezeka. Anayefuga mamba bila kipimajoto anabahatisha.

Na msidharau jongoo! Bamburi ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, peupe kabisa. René Haller alipoanza kupanda mivinje pale mwaka 1971, majani yake yalirundikana bila kuoza, mpaka alipoleta majongoo wakayala na kuyageuza mboji. Twiga mnaowalisha kwa mkono pale wametanguliwa na mdudu huyo.

Mzazi mmoja ameniletea kikaratasi: kazi iko wapi? Mama, iko kwenye vituo vya wanyama yatima, hifadhi za watu binafsi, mashamba ya mamba, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Nafasi si nyingi. Kijana aanze na shahada ya zoolojia au usimamizi wa wanyamapori, asiache kemia wala hesabu, na likizo akaombe kujitolea mahali. Atakabidhiwa fagio na toroli ya kinyesi. Akipokee, akichunguze: ugonjwa mwingi huonekana hapo kabla mnyama hajaanza kudhoofu.

Haya, nani ana swali jingine?