Kidonda Hakitaki Kukaushwa: Kufunga na Kupima Kidonda cha Mguu Nyumbani

Karibuni tena. Leo niko nyumbani Nakuru, upande wa Kaptembwo, na huo mguu mnaouona ni wa baba. Amekubali tumrekodi, ila sura amekataa katakata. Baba ana sukari, na kidonda chenyewe kiko chini ya unyayo, nyuma kidogo ya kidole gumba. Kliniki wameshamwona na wametuonyesha namna ya kukifunga. Mimi nafanya kazi ya zile siku za katikati, kabla ya tarehe ya kurudi.

Funga madirisha kwanza. Vumbi la huku mnalijua. Chemsha maji usiku uliotangulia, nusu lita, utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa juu, uache yapoe kwenye sufuria iliyofunikwa. Nawa mikono kwa sabuni, kisha vaa glavu.

Sasa tunafungua. Angalieni hapa: gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, imeng'ang'ania. Usiivute! Baba hasikii uchungu, sukari imeutia unyayo ganzi, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu utachuna ngozi mpya na yeye anakupigia hadithi tu. Mwagia maji ya chumvi, ngoja dakika tano. Ona, inaachia yenyewe.

Suuza kwa kumimina taratibu, taka ziteremkie kwenye beseni. Mguu wenyewe usiuloweke. Na ukitumia maji ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko chako wewe. Unyayo wa mtu wa sukari unaweza kuungua bila yeye kujua.

Hapa nikiri jambo. Wiki tatu za mwanzo za kidonda, kabla hatujaanza kupima, nilikuwa namwagia ile dawa ya kutoa povu ya kemisti, haidrojeni peroksaidi. Nilifurahia kuona povu likipanda, nikidhani uchafu unatoka. Kumbe povu hutokea dawa ikikutana na kimeng'enya kilichomo kwenye damu na seli, na dawa hiyo huua hata seli changa zinazojenga nyama. Nilikuwa najenga ukuta mchana, naubomoa jioni.

Baada ya kusuuza, usikianike kidonda juani. Najua, sote tulilelewa kwa "kiache kipigwe na hewa, kikauke." Mwaka 1962, mtafiti George Winter wa London alichapisha jaribio lake katika jarida la Nature. Alikwangua ngozi ya mgongo wa nguruwe wachanga, vidonda vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika kwa utando wa plastiki. Vilivyofunikwa viliota ngozi kwa takriban nusu ya muda. Vile vya wazi vilifanya kigaga kikavu, na ngozi changa ikalazimika kuchimba njia chini yake. Mwaka uliofuata jaribio kama hilo likafanywa kwa binadamu, matokeo yakaelekea huko huko. Lakini msichukue mfuko wa nailoni mkafunga! Vidonda vile vilikuwa vipya na safi, hiki cha baba ni cha miezi.

Sisi tunatumia gozi ya mafuta tuliyopewa. Ikate ikae ndani ya kidonda, isipande kwenye ngozi nzima, maana ngozi ikilowa sana hugeuka nyeupe na kulika. Juu weka gozi kavu, zungusha bandeji, usikaze. Jirani ametuletea asali ya Baringo. Tumeshukuru, tumeitia kwenye chai. Asali ina ushahidi mzuri kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina, lakini ile ya hospitali huuliwa vijidudu kwa mionzi, hii ya chupa ya kando ya barabara haijapitia huko.

Kabla ya kufunga, mara moja kwa wiki, pima. Watu wengi huruka hapa, na kwangu hii ndiyo hatua kubwa. Rula isiguse kidonda. Urefu, halafu upana unaoukata urefu huo, zidisha upate eneo. Daftari letu: wiki ya kwanza sentimita 3 kwa 2, yaani 6. Leo, wiki ya tatu, 2.5 kwa 2, yaani 5. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulifuata watu 203 wenye vidonda vya sukari miguuni. Ambao kidonda kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya nusu hivi kufikia wiki ya nne, asilimia 58 walipona ndani ya wiki 12. Waliobaki nyuma, asilimia 9 tu. Kwa hiyo sisi tuna wiki moja. Eneo lisiposhuka hadi 3, tunabeba daftari kwenda kuuliza kibadilishwe nini.

Na jibu nadhani nalijua: baba anatembea. Bandeji hata iwe nzuri namna gani, haishindi uzito wa mwili unaokanyaga pale pale. Ndiyo maana wataalamu hupenda kufunga mguu plasta ngumu hadi chini ya goti, ile isiyovulika. Na hiyo sugu, ngozi ngumu ya pembeni ya kidonda, wanaipunguza wao kliniki, wewe usiishike na wembe.

Ukiona wekundu unaopanda, harufu mpya, weusi, mfupa, au homa, usingoje tarehe. Nenda siku hiyo hiyo.

Haya, tumemaliza kufunga. Baba, hapana, kaa. Redio nakuletea mimi.