Ringi za Kukata Upepo kwa Mfuko wa Kawaida

MAGANGA: Karibuni tena, tuko Tabora. Leo ni ringi za mashindano, za barabara na za triathloni. Dada Zuhura, swali linaloletwa kila wiki ni lile lile: "Ninunue kina cha milimita ngapi?" Yaani urefu wa ukuta wa ringi, kutoka kwenye tairi kuelekea katikati.

ZUHURA: Hilo liwe swali la mwisho, kaka Maganga. La kwanza ni kama ringi itaingia kwenye baiskeli yako. Watu wanaagiza ringi nzuri kutoka China, inakaa njiani wiki kadhaa, ikifika haiingii kwenye foki. Kuirudisha ni gharama nyingine.

MAGANGA: Basi tuanze na ekseli.

ZUHURA: Baiskeli yenye breki za kubana ringi huwa na ekseli nyembamba ya kufunga kwa klipu: mbele milimita 100, nyuma 130. Yenye breki za diski, za miaka hii, ekseli yake ni nene ya kupenya: mbele 12 kwa 100, nyuma 12 kwa 142. Baadhi ya baiskeli za diski za zamani zina klipu na nyuma ni 135. Chukua rula, pima nafasi ya ndani kati ya pande mbili za fremu. Usiangalie picha ya tangazo.

MAGANGA: Na diski yenyewe inafungwaje? Kuna ya meno ya Center Lock na ya boliti sita.

ZUHURA: Adapta ya kuweka diski ya boliti sita juu ya Center Lock ipo na ni rahisi. Kinyume chake hakuna njia ya maana. Ukiwa huna uhakika, chukua Center Lock.

MAGANGA: Kaseti sasa. Hapa watu wengi wanaumia.

ZUHURA: Frihabu, kile kipande cha nyuma kinachobeba kaseti, lazima kilingane na giya zako. Ya Shimano ya kasi 11 inabeba kaseti ya kasi 11, na inabeba pia kasi 8, 9 na 10 ukitanguliza spesa, pete ya kujaza nafasi, ya milimita 1.85. Ukiisahau, kaseti inacheza hata ukikaza nati mpaka mwisho. Baadhi ya kaseti za Shimano za kasi 10 zinataka pia spesa ya pili ya milimita 1. Ukiwa na SRAM ya kasi 12 ya barabara, ile yenye gurudumu dogo la meno 10, unahitaji frihabu ya aina ya XDR. Muuzaji anakuuliza wakati wa kuagiza. Jibu kwa kuhesabu meno, usikisie.

MAGANGA: Tumeingiza. Sasa upana.

ZUHURA: Hapa ndipo kasi inapopatikana, na wengi wanapapita. Josh Poertner, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya ringi ya Zipp kabla ya kwenda kampuni ya Silca, ndiye anayehusishwa na kanuni ya asilimia 105: upana wa nje wa ringi uwe angalau asilimia 105 ya upana halisi wa tairi. Tairi ikiwa pana kuliko ringi, hewa inatengana mapema na ringi, na kile kina chote cha kaboni hakikusaidii. Sema tairi imeandikwa 25. Kwenye ringi yenye upana wa ndani wa 21, ikijazwa upepo inaweza kufika 26.5. Zidisha kwa 1.05, unapata 27.8. Kwa hiyo ringi ya upana wa nje wa 28 inafaa. Weka tairi ya 28 juu ya ringi hiyo hiyo, kanuni inavunjika.

MAGANGA: Lakini 28 nje, kwenye baiskeli ya zamani yenye breki za kubana?

ZUHURA: Ndiyo mtego. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa ringi nyembamba zaidi, na fremu ikaacha nafasi ndogo. Ringi ya 28 inaweza kugusa breki hata ukizifungua mpaka mwisho. Pima kwa kalipa nafasi kati ya mipira ya breki, na nafasi ya fremu nyuma ya kinyagio. Bila nafasi, bora ringi ya upana wa nje wa 25 na tairi ya 23.

MAGANGA: Sasa naomba tuzungumzie ringi zisizo na ndoano ya kushika tairi, maana bei yake inavutia.

ZUHURA: Inavutia kwa sababu ni rahisi kutengeneza. Kikomo cha upepo wake ni bari 5, yaani psi 72.5. Na lazima uweke tairi iliyoidhinishwa kwa tyubulesi, yaani ya kutumika bila tyubu, hata ukitumia tyubu ndani. Hapa kwetu pampu nyingi za fundi hazina geji ya kuaminika, na kawaida ya mtu ni kujaza mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe. Tairi ikitoka kwenye ringi ya namna hiyo ukiwa kilomita 40 kwa saa, unakula lami. Kwa Tabora nashauri ringi yenye ndoano.

MAGANGA: Mimi nakubaliana, ingawa wenye pampu nzuri na tairi ya 28 au zaidi wanazitumia salama.

ZUHURA: Wenye geji, ndiyo.

MAGANGA: Haya, kina. Ulikataa kulijibu mwanzoni.

ZUHURA: Milimita 45 hadi 50 mbele kwa mtu wa kawaida. Upepo wa pembeni unasukuma gurudumu la mbele na kugeuza usukani. La nyuma halina usukani, kwa hiyo linavumilia kina kikubwa. Mwenye uzito chini ya kilo 60, mbele asizidi 40. Barabara ya kwenda Nzega ina maeneo wazi kabisa, na lori likikupita kwa kasi hewa inakuvuta kisha inakusukuma. Ukiwa umelala kwenye vishikio vya triathloni, mikono iko karibu na katikati, huna nguvu ya kuzuia usukani.

MAGANGA: Na wanaotaka 80 mbele na nyuma kwa sababu wameona picha za Kona?

ZUHURA: Wangejua kwamba huko Hawaii, kwenye ubingwa wa dunia wa Ironman, gurudumu la diski nzima, lile lililozibwa lote bila spoku kuonekana, lilikatazwa kwa miaka mingi kwa sababu ya upepo. Waliobobea wenyewe wanachagua kwa hofu. Na kwa mbio za barabara za kundi, UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, imeweka kikomo cha kina cha milimita 65 kuanzia Januari 2026. Hata ukikimbia mashindano ya mkoa tu, hiyo inakuonyesha upepo wa pembeni ukiwa ndani ya kundi una maana gani.

MAGANGA: Kwa triathloni na mbio za muda peke yako, kuna kifuniko cha plastiki cha gurudumu la nyuma.

ZUHURA: Ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika mchezo huu. Unafunika gurudumu lako la kawaida pande zote mbili, karibu unapata diski. UCI haikubali vifuniko hivyo, kwa hiyo soma kanuni za shindano lako kabla ya kununua. Angalia pia kwamba kifuniko hakigusi fremu upande wa kaseti, na fungua nafasi ya kufikia vali.

MAGANGA: Niseme kitu kuhusu wati. Nguvu ya kushinda hewa inapanda kwa mchemraba wa kasi. Ukienda kilomita 25 kwa saa mazoezini, hutaona tofauti. Kwenye 38 au 40, ringi nzuri inaokoa wati kadhaa. Mwili wako peke yake ni karibu robo tatu ya upinzani wa hewa. Kwa hiyo mkao, suti iliyobana na tairi inayoviringika kwa wepesi vinakuja kabla ya kaboni.

ZUHURA: Na hapa kwetu tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Faida inapungua kidogo, lakini haiondoki.

MAGANGA: Bei basi. Kaboni ya moja kwa moja kutoka viwanda vya China inakaa dola 400 hadi 800 kwa seti. Chapa kubwa zinavuka dola 2,000 kwa urahisi. Hesabu ya ushuru unafanyaje?

ZUHURA: Thamani ya forodha inajumuisha bidhaa, usafirishaji na bima. Juu yake unaweka ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Kwa hiyo ringi ya dola 500 usiihesabu kama 500. Na epuka ringi zenye stika za chapa kubwa kwa bei ya kuchekesha: zinaweza kuwa za bandia, na dhamana yake huijui. Ringi isiyo na stika kutoka kwa mtengenezaji anayetaja kikomo cha uzito ni bora.

MAGANGA: Aluminiamu ina nafasi?

ZUHURA: Kubwa sana, hasa kwa breki za kubana. Kaboni inashika joto kwenye breki ndefu, gundi yake inalegea, ukuta wa ringi unavimba. Hapa Tabora ni tambarare. Lakini ukishuka Kigoma kuelekea ziwani utabana breki muda mrefu. Kaboni inataka mipira yake maalumu. Mipira iliyotumika kwenye aluminiamu ina vipande vya chuma vilivyojichimbia, vinakwangua kaboni. Pia usitie tyubu za mpira mwepesi wa lateksi kwenye ringi ya kaboni yenye breki za kubana. Wenye breki hizo watazame ringi za aluminiamu zenye ganda jembamba la kaboni, kama HED Jet. Nzito kidogo, breki zake ni za kawaida, na mtumba wake ni wa bei nafuu.

MAGANGA: Vipuri ndio maumivu ya mji wetu.

ZUHURA: Chagua spoku za kichwa kilichopinda, za urefu unaojulikana, na nipeli, nati ndogo za kukazia spoku, zinazoonekana nje ya ringi, ili fundi anyooshe bila kuvua tairi. Beringi ziwe za namba ya kawaida zinazopatikana kwenye duka la pikipiki au la vipuri vya mashine. Agiza spoku za akiba sita pamoja na ringi: mbili za kila urefu. Ringi ikifika, izungushe karibu na mpira wa breki. Ikiyumba zaidi ya nusu milimita, inyooshwe kabla ya safari. Baada ya kilomita kama 200 za kwanza, gusa spoku zote kwa kidole. Zinazotoa mlio wa chini kuliko jirani zake za upande uleule zimelegea.

MAGANGA: Vali! Kina cha 50 na tyubu ya vali ya milimita 40 haitatokea nje.

ZUHURA: Chukua vali ya 80. Au kirefushi, ukizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi, la sivyo upepo unavuja polepole na utadhani ni pancha.

MAGANGA: Na miiba?

ZUHURA: Tyubulesi yenye mililita 30 hadi 40 za dawa ya pancha kwa tairi ya 28. Joto letu linaikausha, ifungue uiangalie kila baada ya miezi miwili. Beba tyubu moja hata hivyo. Mwiba mdogo utazibwa, lakini ukipiga shimo pembeni mwa lami, au ukiruka tuta kwa kasi, tairi inapasuka ubavu. Ringi ya kaboni ikipasuka usiibandike gundi, itoe.

MAGANGA: Upepo kiasi gani kwa mtu wa kilo 70 na tairi ya 28?

ZUHURA: Kwa ringi yenye ndoano, anzia psi 65 hadi 75, chini zaidi kwenye kokoto na lami chakavu. Pima asubuhi ya mbio, halafu uiache baiskeli kivulini: juani psi inapanda yenyewe. Wiki ijayo ni kaseti, karibuni tena.